Nyuma ya Pazia la Kupimia

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika cherehani. Nilishikishwa pasi ya makaa, nikaambiwa nisimame nje ya mlango nikiipepea mpaka makaa yakolee, na nisiirudishe ndani ikiwa na majivu hata kidogo. Mama Salome alikuwa na chumba kwenye ghorofa ya pili, katikati ya mji, nyuma ya stendi ya Koja, na kazi yake ilikuwa moja tu: magauni ya harusi za kanisani. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Mutuini na cheti cha ushonaji kwenye mkoba, nikidhani nimekuja kushona. Nilipiga pasi mpaka mvua za masika zikaisha.

Nekesa, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa duka, ameniomba niandike haya kwa ajili yenu wasichana mnaobaki. Amesema niandike mambo ya kazi, niache hadithi za nyumbani. Nitajaribu. Lakini kuna gauni moja ambalo mpaka leo limenishinda kujua kama lilikuwa la kazi au la nyumbani, na hilo nitaliweka mwishoni.

Mama Salome alikuwa mtu wa Vihiga, mnene, mwenye sauti ya kwaya, na akitunga shanga alivaa miwani juu ya miwani. Kabla ya kukata kitambaa aliweka makasi juu yake, akafunga macho, akaomba. Sala haikuwa ndefu. Alimtajia Mungu jina la bibi harusi, akamtajia na upana wa kitambaa, kisha akasema, "Haitoshi sana, lakini wewe unajua." Baada ya hapo alikata bila kusitasita. Nilimuuliza siku moja kama kweli Mungu anahitaji kuambiwa upana wa kitambaa.

"Yeye anajua," akasema. "Ni mimi nahitaji kujisikia nikisema, ndio nisikate vibaya."

Mimi nami sijawahi kukata bila sala hiyo, hata mapazia ya sebuleni.

Alinifundisha satini. Nyinyi mna vitambaa vya siku hizi ambavyo unavuta huku na huku vinakubali, lakini satini nzuri haisamehe. Sindano ikipita, tundu linabaki. Ukifumua mshono na kuushona upya kando, ule mstari wa kwanza wa vitundu utaonekana mchana kweupe, na picha za harusi zitauonyesha mpaka wajukuu wauone. Kwa hiyo tulipiga bandi kwanza kwa uzi mwembamba, tukamvika bibi harusi, tukamzunguka, tukarekebisha, ndipo tukashona kwa mashine. Na ndani ya mishono ya ubavuni, kulia na kushoto, Mama Salome aliacha kitambaa cha ziada, kingi kuliko fundi mwingine yeyote mjini angekubali kupoteza. Alikiita huruma. "Umeacha huruma?" aliniuliza kila mara kabla sijafunga mshono. Nilisema nimeacha. Hata hivyo alifunua akaangalia mwenyewe.

Huruma hiyo ilikuwa ya nini sikuelezwa. Nilikuja kujionea.

Wakati huo, na katika makanisa mengi ya kwetu mpaka majuzi, msichana mwenye mimba hakufunga ndoa Jumamosi kama wengine. Hakuvaa shela. Aliingia kwa mlango wa pembeni siku ya kazi, akabarikiwa mbele ya watu wachache, na wazazi wake wakakaa nyuma wakiangalia viatu. Kama baba yake alikuwa mzee wa kanisa, alijua kiti chake kimeota nyasi. Sisemi kanisa lilikosea kutufundisha kungoja. Nilifundishwa hivyo, nikangoja, na sijutii. Nasema tu kwamba sisi mafundi ndio tuliokuwa wa kwanza kujua nani hakungoja, maana tepu ya kupimia haina adabu.

Ndiyo sababu kulikuwa na sheria ya pazia. Kwenye kona ya chumba lilining'inia pazia zito la kijani, na huko ndiko tulikopimia. Mama wa bibi harusi alikaa nje kwenye benchi. Shangazi walikaa nje. Dada walikaa nje. "Nyuma ya pazia ni fundi, bibi harusi na Mungu," Mama Salome aliwaambia. Wako akina mama waliokasirika, wakasema wamemzaa huyo mtoto na hakuna kitu chake wasichokijua. Mama Salome aliwapa soda.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa msichana wa kwaya kutoka Kangemi. Alikuja wiki ya harusi, gauni limeshapita kwenye mashine, na zipu ikagoma katikati ya mgongo. Nje, shangazi zake walikuwa wameshaanza kuimba. Akanitazama, nikamtazama, akaanza kulia kimyakimya, mkono mdomoni. Mama Salome alienda kwenye cherehani, akachomoa sindano, akaitia mfukoni mwa aproni, kisha akatoa kichwa nje ya pazia.

"Mashine haishoni leo," akawaambia. "Rudini kesho mchana."

Walipoondoka nilimwambia, kwa ule ujasiri wa mtu mgeni kazini, kwamba amewadanganya wale wamama.

"Enda ujaribu kushona," akanijibu.

Tulifumua ubavu wa kulia, tukafumua wa kushoto, tukaachilia huruma yote. Vitundu vikabaki, mstari mmoja kila upande. Mama Salome akatafuta lesi nyembamba inayofanana na ile ya mikono, akaipitisha juu ya vitundu kuanzia kwapani mpaka nyongani, na gauni likawa zuri kuliko tulivyolichora. Msichana aliingia kwa mlango mkubwa. Mimi sikulala vizuri. Nilimuuliza Mama Salome kama hatukumdanganya mchungaji, naye akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Akiniuliza nitamwambia," akasema mwishowe. "Lakini hakuna mchungaji amewahi kupanda hizi ngazi kuniuliza."

Jibu hilo halikuniridhisha, na sina hakika kama linaniridhisha sasa. Ninachojua ni kwamba yule msichana na mumewe bado wako pamoja, na binti yao alikuja nikampima mwenyewe, mama yake akiwa kwenye benchi na soda yake.

Msifikiri pazia lilificha kila kitu. Kuna bibi harusi mmoja aliyeniuliza mara mbili kama gauni linaweza kurudishwa. Niliweka tepu chini, nikamkalisha, nikamuuliza anamwogopa nani. Aliponiambia, nilivaa koti, nikampeleka kwa nyanya yake Dagoretti nikamwacha huko salama. Gauni lile halikuvaliwa na sikumlilia mtu kuhusu kitambaa. Mkiona hofu huko nyuma ya pazia, tokeni nje mseme. Tumbo ni jambo lingine.

Mama Salome alikuwa na desturi nyingine. Hakupenda gauni la harusi likae sandukuni likiliwa na nondo. Mtoto wa kwanza akizaliwa, gauni lilirudi kwetu, likafumuliwa, na satini ikakatwa kanzu ndogo ya ubatizo. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Bibi harusi yule yule aliyetetemeka nyuma ya pazia alirudi amenenepa, amechoka, ana harufu ya maziwa, na hakujali tena mama yake anasikiliza nini.

Magoti yalipomshinda zile ngazi, Mama Salome alirudi kwao Vihiga. Aliniachia cherehani ya kukanyaga, makasi na pazia. Nikahamia Adams Arcade, kwenye chumba cha nyuma mnachokijua, kwa sababu wateja wangu wengi walitoka pande za Ngong Road na Dagoretti, na kwa sababu kiko chini. Huko ndiko alikonikuta Nekesa, amefika kutoka Bungoma, anajua kushona mapazia tu. Siku ya kwanza nilimpa pasi.

"Mathe, kwani nilikuja kupiga pasi?" akaniuliza, akiniita mama kwa lugha ya vijana.

"Ulikuja kupiga pasi."

Alinuna mpaka jioni. Baadaye yeye ndiye aliyenifundisha mashine ya umeme, na ndiye anayejua kuzungumza na mabibi harusi wa siku hizi, wanaokuja na picha kwenye simu za magauni yaliyoshonewa wanawake wasio na nyonga. Mimi nilikuwa nikiwaambia ukweli. Nekesa huwaambia, "Hiyo itakutoa poa, lakini wacha nikuonyeshe ingine." Wote huchagua ile ingine.

Sasa nyumbani. Mume wangu, Baba Wambui, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa letu hapo Mutuini. Ni mtu mnyoofu, mpaka wakati mwingine ananichosha. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kamati iliyowahoji wachumba kabla ya harusi, na maswali yake yalijulikana. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikipima baadhi ya wasichana hao hao. Kila jioni aliniuliza kwenye chai, "Leo umeshona nani?" Nami nilijibu, "Nimeshona nguo." Alicheka, tukasoma Neno, tukaomba, tukalala. Hakuwahi kunichimba, nami sikuwahi kumdanganya, na hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani.

Kisha Wambui, mtoto wetu wa pekee, akamleta mchumba. Kevo, kijana wa Mountain View, mpole, anayekula kila anachopakuliwa. Siku ikapangwa, nami nikachora gauni ambalo nilikuwa nimelichora kichwani tangu mtoto akiwa darasa la pili. Satini nyeupe, mikono ya lesi, ubavu mtupu bila pambo lolote. Siku ya kupima nilinyoosha mkono Nekesa anipe tepu. Hakunipa.

"Mathe, wewe ni mama ya bibi harusi."

"Na ni mimi fundi."

"Benchi ndio hiyo."

Wambui alicheka mpaka akashika ukuta. "Mum, si sheria ni yako? Kaa tu, utaletewa soda."

Nilikaa. Lile benchi ni gumu, wasichana. Nunueni mto.

Mara ya kwanza walicheka huko ndani, nami nikatulia. Mara ya pili, gauni lilikuwa limeshapita kwenye mashine na harusi imekaribia. Nilisikia zipu ikipanda. Nikasikia ikisimama. Zipu iliyosimama katikati ya mgongo naijua hata nikiwa usingizini. Halafu Nekesa akatoka, akaenda kwenye mashine, akainama kidogo akinipa mgongo. Alipoinuka hakunitazama usoni.

"Mathe, mashine haishoni leo," akasema. "Enda tu nyumbani upumzike."

Hadithi ya sindano ni mimi niliyemsimulia. Alijua kwamba naijua. Nilisimama mbele ya pazia langu mwenyewe, na mkono wangu ulikuwa umeshalishika. Nikifungua, nitajua kwa macho, na nikijua siwezi kukaa na mume wangu kwenye chai. Yeye akijua, hawezi kunyamaza kwenye kamati, simwoni akinyamaza. Wambui ataingia kwa mlango wa pembeni, na baba yake atakaa nyuma akiangalia viatu, baada ya maisha yake yote kanisani. Hayo niliyaona. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba wasichana wa watu wote wamelia mbele yangu, na wangu ameona afadhali alie mbele ya Nekesa. Niliachia pazia, nikachukua mkoba, nikaenda.

Jioni Baba Wambui akaniuliza, "Leo umeshona nani?"

"Mashine ilikuwa haishoni," nikasema.

Alinitazama. Kisha akasema pole, akanimiminia chai mwenyewe, kitu anachokifanya tu nikiwa mgonjwa.

Kesho yake alivaa koti la Jumapili akaenda mjini kwa daktari wa masikio. Alirudi amechoka, bila dawa, akasema daktari hakuona kitu. Lakini Jumapili hiyo alisimama kanisani akatangaza kwamba anaacha kamati ya wazee, kwa kuwa hasikii vizuri na ng'ombe wake wanahitaji mtu. Watu walimpigia makofi. Mimi nilimshukuru Mungu kwa masikio na kwa ng'ombe, maana sasa kama jambo lingejulikana lisingemkuta kwenye kiti.

Wambui aliingia kwa mlango mkubwa, na shela, akishika mkono wa baba yake. Kwenye ubavu, kulia na kushoto, lesi nyembamba ilishuka kutoka kwapani mpaka nyongani. Shangazi mmoja akaninong'oneza kwamba hiyo lesi ndiyo imelipendezesha gauni. Nikasema ni mtindo. Nilifunga macho nikamtajia Mungu jina la mtoto wangu, na upana wa kitambaa. Haitoshi sana, nikasema, lakini wewe unajua. Nilipofungua macho Baba Wambui alikuwa akijifuta kwa leso, na nilimhurumia kwa kutojua kwake.

Mtoto alizaliwa mapema kidogo, tuseme hivyo. Msichana, mnene, mwenye kelele. Wamama wa kanisa walikuja Mountain View na uji na nyimbo, na hakuna aliyehesabu miezi kwa sauti. Nilingoja mume wangu ahesabu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alimbeba mtoto akamwimbia.

Mwaka huu nikamkabidhi Nekesa ufunguo, na kazi yangu ya kwanza ya kustaafu ikawa lile gauni. Wambui alilileta Mutuini na mtoto mgongoni, akaliweka mapajani mwangu. "Mum, tukatie ya ubatizo," akasema. Akakaa kidogo, kana kwamba anataka kuongeza kitu, halafu akaondoka kumnyonyesha mtoto ndani. Sikumsukuma.

Nilikaa kwenye benchi la barazani mchana nikaanza kufumua. Nilianza na lesi ya ubavuni makusudi, niitoe na kuitupa kabla Baba Wambui hajatoka kukamua. Chini yake vitundu vilikuwa pale, mstari ulionyooka, kazi safi ya Nekesa. Sikusikia hatua za Baba Wambui.

"Hiyo lesi usitupe," akasema. Alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa.

"Imechakaa."

"Haijachakaa. Ni mimi niliinunua."

Nilimtazama. Akaweka ndoo chini.

"Nilizunguka mji mzima na kipande mfukoni, naulizia kama kuna inayofanana. Wale wasichana wa maduka walinicheka sana."

"Siku ya masikio?"

"Masikio yangu hayana shida, Mama Wambui."

Akakaa kando yangu, akanieleza. Wambui alimpigia simu mchana ule ule zipu iliposimama, kabla sijafika nyumbani, akilia. Kesho yake asubuhi Baba Wambui alienda kwanza kwa mchungaji, akamwambia yote, akamwachia kiti, kwa sababu asingeweza tena kuwauliza watoto wa wengine yale maswali yake. Mchungaji akawaita Wambui na Kevo, wakaongea, wakaomba pamoja. Mwishowe akasema waingie kwa mlango mkubwa. Ndipo mzee wangu akapitia Adams kumuuliza Nekesa lesi ya aina gani ifunike vitundu, akapewa kipande cha mfano.

"Na mimi mkaniacha nje," nikasema.

Niliumia, siwafichi. Nilisogeza satini kando nisiidondoshee machozi. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimlinda mume wangu asijue, naye akinywa chai yangu akijua kila kitu.

"Wambui alitaka kukuambia," akasema polepole. "Aliogopa utaumia kwa sababu yangu, na kwa sababu ya kanisa. Na Nekesa alimwambia mama hukaa kwa benchi. Mimi nami nikasema hiyo ni sheria ya kazi yenu, nani anaweza kuivunja? Wewe kila siku unaniambia umeshona nguo." Akaanza kucheka, ile ya kutikisa mabega. "Lakini nilimuuliza Nekesa vizuri. Sheria inasema mama, inasema shangazi, inasema dada. Hakuna mahali inasema baba."

Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, mpaka Wambui akatoka ndani na mtoto kifuani. Alituona, akaiona lesi mkononi mwa baba yake, akasimama pale mlangoni. Nilisogea kwenye benchi nikampa nafasi. Akaja akakaa kati yetu, akaniegemea begani, tukakaa hivyo. Maziwa karibu yaharibike.

Ile kanzu nimeimaliza jana. Lesi ya babu imezunguka pindo lote, na Jumapili mtoto ataivaa, babu akimbeba. Basi, wasichana, hayo ndiyo mambo ya kazi. Ombeni kabla ya kukata. Acheni huruma pande zote mbili. Mama akija, mkalisheni kwenye benchi na soda, hata akiwa mimi. Na baba akija peke yake na kipande cha lesi mfukoni, msimcheke, mwonyesheni duka.